Mwaka wa Kulinda Namba

Mama Faustin alizikwa Ijumaa moja ya baridi, na tulipotoka makaburini tukaenda kula katika ukumbi wa kukodi pale Rinkeby, pembezoni mwa Stockholm, juu ya duka la vitambaa. Nilimwona Faustin tangu mlangoni. Alikuwa amenenepa, mvi zimeanza, na amevaa koti lililonunuliwa nchi yenye joto, maana kwa baridi ile halikuwa na faida yoyote. Tulikuwa hatujaonana tangu tulipokuwa na miaka thelathini hivi, marubani wawili wasio na ndege. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, nikampa pole, akapokea. Kisha, kabla hatujasema neno la pili, kila mmoja wetu akageuza kichwa kidogo kuangalia ni nani aliye karibu na anayesikia. Nilijiona nikifanya hivyo, nikamwona na yeye akifanya vilevile, tukacheka, na mama mmoja aliyekuwa akigawa wali akatukata jicho. Baadaye, tulipokaa na sahani zetu, nilimwambia kwamba ninaandika kumbukumbu zangu na siwezi kuuruka mwaka ule. Akatafuna kwanza, akameza. "Andika," akasema. "Mama hayupo tena, na mimi sina karatasi ya kuogopa. Jina tu, unipe lingine." Nikampa Faustin, ambalo si lake. Hata ruhusa hiyo niliigeuzageuza kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani, nikitafuta anafaidika nini kwa kunipa.

Asiyefanya kazi ya urubani huenda hajui kwamba sisi tunaishi kwa namba. Siku unayoajiriwa unapewa nafasi katika foleni ya kampuni, nyuma ya wote waliokutangulia, na foleni hiyo ndiyo huamua nani atakuwa nyumbani Krismasi, nani atahamia kiti cha kushoto awe kapteni, na mambo yakiharibika, nani atatolewa kwanza. Ustadi hausogezi mtu. Ukijiuzulu, namba yako inakufa, wote walio nyuma yako wanasogea mbele hatua moja, na ukirudi siku nyingine unaanzia mkiani pamoja na watoto. Na walioajiriwa siku moja, darasa moja, hupangwa kwa umri: mkubwa mbele, mdogo nyuma. Mimi ni Mtaita, nimelelewa nikimsubiri mkubwa anawe mikono kwanza, kwa hiyo utaratibu huo niliuona wa kistaarabu sana nilipoelezwa. Katika darasa letu mimi nilizaliwa Desemba. Faustin, Mkongo wa Bukavu, karatasi zake zilisema tarehe mosi Januari iliyofuata. Anders, Mswidi mrefu mwenye miguu isiyoenea chini ya meza yoyote, alizaliwa majira ya joto ya mwaka uleule. Basi nikawa mbele ya Faustin kwa wiki chache tu, na Faustin mbele ya Anders.

Aliyeishi karibu na Wakongo wa Rinkeby anaijua hiyo tarehe mosi Januari. Mtu akifika kambi ya wakimbizi bila cheti cha kuzaliwa, mwandishi wa pale humkisia mwaka, na siku humpa ya kwanza. Ndiyo maana Jumapili ya mwaka mpya, mchungaji alipowaita mbele waliozaliwa wiki ile ili awaombee, nusu ya kanisa ilisimama, mabibi na wajukuu zao, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa wageni.

Tulikuwa hatujamaliza miaka miwili kazini mabenki ya dunia yalipoyumba na watu wakaacha kusafiri. Tuliitwa kwenye chumba cha mikutano cha hoteli karibu na uwanja wa ndege wa Arlanda, tukapewa kahawa na mikate ya mdalasini, na mama mmoja wa ofisini, mpole kupita kiasi, akatuambia kwamba sisi wa mkiani tunapumzishwa bila mshahara. Namba zetu zingebaki. Hali ikiwa nzuri tungeitwa tena kwa zamu, wa mbele kwanza. Ni lini, hajui. Ni wangapi, hajui. Atakayeona hawezi kungoja, aandike kwamba anajiuzulu, na kampuni haitamshikilia. Alipokwisha kusema hayo niliona jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona katika chumba cha marubani: watu hawakumtazama yeye, walitazamana wao kwa wao. Kila mmoja alikuwa akipima nani atachoka kwanza. Anders alinyoosha mkono akauliza kama mikate inaweza kubebwa nyumbani, tukacheka, na kicheko kile kikatusaidia kufika mlangoni.

Nilikuwa nikiishi Jakobsberg, chumba na sebule, pamoja na Achieng, nesi kutoka Kisumu ambaye hakumwamini mtu yeyote aliyekuwa hai, na waliokufa aliwaamini baada ya kuhakikisha. Nilipata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani. Asubuhi nilikuwa nikipasha supu na kuvalisha soksi katika vyumba vilivyonukia kahawa na dawa ya kuchua, na wazee wakiniuliza nilikuwa nafanya nini kabla ya hapo. Nilipowaambia ukweli walinipigapiga mkononi kwa huruma, wakidhani nimechanganyikiwa. Faustin aliendesha gari la kusambaza mikate. Anders alisema anatengeneza nyumba ya wazazi wake ya kiangazi, lakini mikono yake ilikuwa laini kuliko yangu.

Kila Alhamisi tulikutana Rissne kwa Mama Faustin. Ilikuwa fleti ya ghorofa ya tatu, yenye sebule iliyobanwa na makochi makubwa ya kahawia yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua ambacho kilinata kwenye viwiko. Mama Faustin alipika mchana kutwa. Kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, aliyoinunua imeganda kwenye duka la Rinkeby, ndakala, dagaa wa kwao, waliokaangwa na nyanya, samaki mkubwa wa mchuzi, na fufu, ugali wa muhogo, aliyoizungusha kwa mwiko mpaka madirisha yakawa na ukungu. Anders alikula kwa uma mwanzoni, kisha akafunzwa, na Mama akawa anamwangalia vidole vyake virefu vikitafuta njia kwenye mchuzi, akitikisa kichwa kwa mapenzi. Kipande cha samaki chenye kichwa kilikuja kwangu kila mara. "Mutoto wangu, kula," alikuwa akisema, "ule muzee unamupasha supu hatakupa kitu." Mimi nilikuwa na njaa ya nyumbani, na chakula kile kilinishika moyo.

Lakini hatukuwa tunakutana kula. Tulikuwa tunakutana kuchungulia. Mtu alimeza tonge, akauliza kama si kitu, "Umesikia lolote?" na wengine wakaacha kutafuna. Anders daima alikuwa amesikia. Alisikia kwamba kampuni itauzwa. Alisikia kwamba ndege zetu zitakodishwa pamoja na marubani wa kigeni. Alisikia, kutoka kwa mtu asiyeweza kumtaja, kwamba hakuna atakayeitwa kabla hatujaota mvi. Ilinichukua majira ya vuli yote kugundua kanuni ya mambo haya: habari mbaya hutoka nyuma ya foleni na kwenda mbele. Aliye nyuma yako hana sababu ya kukutia moyo. Nilianza kusikiliza kila habari kwa kuuliza kwanza imetoka namba gani, na nikaona kwamba mimi mwenyewe, nikikutana na rubani aliyenitangulia, nilikuwa namweleza jinsi kampuni za ndege za Ghuba, huko Uarabuni, zinavyolipa vizuri.

Ghuba wenyewe walikuja Novemba. Kampuni moja ya huko ilipanga chumba katika hoteli ya katikati ya mji, ikasaili watu siku nzima, na walinitaka. Walikuwa na sharti moja. Walishaumwa na marubani wa Ulaya wanaofunzwa ndege mpya kwa gharama kubwa, kisha kampuni ya kwao ikiwaita wanaaga. Kwa hiyo kabla ya mafunzo walitaka uthibitisho kwamba nimejiuzulu na namba yangu imefutwa. Walinipa mpaka mwisho wa Februari. Nilipolisema jambo hilo mezani, Faustin, ambaye hakwenda kusailiwa kwa sababu, alivyosema, hawezi kumwacha mama yake, aliweka tonge chini.

"Wende," akaniambia. "Mghoi, usingojee. Hii kampuni yetu ni mgonjwa. Kule utakuwa kapteni mbele ya miaka ingine mitano."

"Na nikijiuzulu halafu waniite?"

"Hawatakuita. Mi nakuambia, wende."

Lilikuwa shauri jema, na lilisemwa na mtu niliyempenda kama ndugu wa tumbo moja. Nilimwambia Achieng usiku uleule alipokuwa akivua viatu vya kazini. Alibaki na kiatu kimoja mkononi.

"Nani yuko nyuma yako kwa hiyo laini yenu?"

"Faustin."

"Ukitoka, nani anasonga?"

"Faustin. Lakini si yeye peke yake, wote wanasonga."

"Wote hawakupikii samaki," akasema. "Yeye haendi, ati mama. Lakini wewe uende, mama yako ni jiwe? Mghoi, wacha kuwa mtoto. Paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya."

Nilimkasirikia. Nilimwambia kwamba kazi ya kuangalia wagonjwa imemfanya aone ugonjwa kila mahali. Hata hivyo Alhamisi iliyofuata, Mama Faustin aliponiletea kile kichwa cha samaki, nilikitazama kwa mara ya kwanza nikijiuliza kimekuja kwa kazi gani. Shaka ikishaingia haihitaji kulishwa sana. Faustin akiniuliza kama nimelala vizuri, niliona anataka kujua kama nimeamua. Akinisindikiza mpaka kituo cha tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, niliona anataka neno la faragha, na kweli alilitaka. "Umewajibu Ghuba?" Kila wiki hilohilo, kwa sauti ya upole. Nami nikimjibu, "Bado nafikiria," nikimtazama usoni kuona kama anavunjika moyo. Alivunjika moyo kila mara, na mimi nikaliweka hilo akilini kama ushahidi.

Mwaka mpya tulialikwa Rissne mchana kwa sikukuu ya kuzaliwa ya Faustin. Mama alikuwa ametengeneza keki ya rangi ya waridi, na majirani Wakongo wawili watatu walipita kupeana hongera, kwa sababu nao walikuwa wamezaliwa siku hiyohiyo. Anders akawatazama wakikumbatiana mlangoni, akauliza kwa Kiswidi, kwa nia njema kabisa, imekuwaje watu wote wa ngazi moja wakazaliwa siku moja. Nikamjibu kwa Kiswidi, nikiwa nimeshiba na kuchangamka, kwamba huyu Faustin amezaliwa pamoja na Rinkeby nzima, na ukitaka kujua umri wake halisi itabidi umuulize Mungu, si serikali. Ulikuwa mzaha ambao Wakongo wenyewe waliufanya kila Januari. Mama Faustin, alipoelezwa kwa Kiswahili, alicheka akashika ubavu. Majirani walicheka. Anders alicheka sekunde moja nyuma ya wengine, kama mtu anayehesabu. Faustin hakucheka. Alichukua kisu akaikata keki vipande vidogo mno, akatugawia mmoja mmoja bila kututazama.

Kuanzia siku ile maneno yake ya kunihimiza niondoke yaliongezeka hadi yakanichosha. Alinipigia simu nikiwa nimemshika bibi wa watu bafuni. Aliniletea picha za nyumba za marubani wa Ghuba, zenye bustani na mabwawa. Alizungumza na binamu yangu kanisani ili naye anishauri. Nilikuwa nimebakiza wiki chache za kujibu, na kwa kweli kazi ile niliitaka. Nilikuwa nikiota harufu ya chumba cha marubani, ile ya vitambaa vya viti na kahawa. Mshahara wa supu na soksi haukunitosha, na kila mwezi bila kuruka ulikuwa unanipunguza. Lakini kila nilipokaa kuandika kwamba najiuzulu, nilimwona Faustin akisogea hatua moja, akiketi mahali pangu, akishukuru kwa upole wake uleule. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, nikasema moyoni, na sikuandika.

Alhamisi moja ya Februari nilifika Rissne mapema, theluji ikiwa imerundikana hadi kwenye madirisha ya chini. Hakuna aliyefungua mlango. Nikakumbuka kwamba ilikuwa zamu yao ya kufua, nikashuka chini ya jengo kwenye chumba cha mashine za kufulia cha wapangaji wote, nikiwa nimebeba mfuko wa ndizi za kupika niliomnunulia Mama. Mlango ulikuwa wazi kidogo na mashine ya kukaushia ilikuwa inanguruma. Ndani walikuwa wawili, mama na mwana, kila mmoja ameshika ncha mbili za shuka, wakikunja na kukutana katikati, wakirudi nyuma na kukutana tena. Walikuwa wanasemezana kwa sauti ya juu kushinda mashine, ndiyo maana nilisikia.

"Karatasi ya paroisse ilishafika," Mama alisema. "Padiri aliitafuta mu kitabu ya zamani. Weye njo mukubwa. Peleka ku kazi yako, banakuweka mbele yake."

"Mama, hapana."

"Ni ukweli. Ulizaliwa mbele ya Mghoi, mbele kabisa."

"Nimesema hapana. Na usimwambie Mghoi. Hata neno moja. Umesikia?"

Nilipanda ngazi polepole, nikaacha mfuko wa ndizi mlangoni kwao, nikarudi Jakobsberg. Kwenye treni hasira ilinipanda. Sasa nililiona lote, au niliona kwamba naliona. Cheti cha ubatizo kilikuwa kimetoka Bukavu. Faustin akikipeleka kampuni, angekuwa mkubwa wangu, angeruka mbele yangu, na kama wito wa kurudi ungekomea mahali petu, ungekomea kwake. Hakutaka kukitumia mapema kwa sababu alikuwa akingoja niondoke kwa hiari, aonekane mwema. Nisipoondoka, anakitoa. Na mimi nisijue neno. Lile "hapana" lake sikulipa uzito wowote. Nililisikia, lakini mtu akishaamua kwamba mwenzake ni mwizi, hata mwenzake akirudisha kitu ataona anaficha kingine.

Achieng aliposikia, alikaa kitandani kwangu na kikombe cha chai akafikiri. "Kama hiyo date yake si ya ukweli," akasema hatimaye, "si uwaambie wewe kwanza? Kabla akupite." Nilimwambia aniache nilale. Sikulala, lakini kuwaambia sikuwaambia, na niseme wazi kwamba hilo halikuwa wema. Nilikuwa na kiburi. Sikutaka kumshinda Faustin ofisini, nilitaka kumshinda kwa kukaa. Siku ya mwisho ya Februari ikapita, Ghuba wakaniandikia kunishukuru na kunitakia heri, na mimi nikabaki na namba yangu. Niliendelea kwenda Rissne, nikala samaki, nikatabasamu. Nilipomwambia Faustin kwamba nimewakataa Ghuba, nilimkazia macho. Alikunja uso kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. "Kwa nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. Nikamjibu kwamba Stockholm inanifaa. Alhamisi iliyofuata hakuwepo mezani. Mama alisema ana kazi nyingi. Iliyofuata pia hakuwepo, na Anders naye akaacha kuja.

Simu ya kampuni ilikuja majira ya machipuko, nikiwa nimepiga magoti kwenye zulia la mzee mmoja nikimfunga kamba za viatu. Yule mama mpole wa ofisini aliniambia kwamba wanawaita baadhi yetu warudi. Nilimuuliza wamefika namba gani. Akacheka kidogo, akasema mimi ndiye wa mwisho kwa sasa. Nililia pale pale, na mzee wangu, ambaye siku zote alinihurumia, alinipa leso yake akaniambia kwamba hata mimi siku moja nitapona. Furaha ile ilikuwa ya kweli, siwezi kuikana. Lakini sikuwa nimefika hata kituo cha treni nilipoanza kuuliza: kama mimi ndiye wa mwisho, karatasi ya Bukavu iko wapi? Ameshindwa? Au bado anapanga kuileta kesho, nivuliwe sare baada ya kuivaa? Badala ya kwenda nyumbani nilipanda tunnelbana mpaka Rissne. Nilitaka kumwona usoni.

Mama Faustin alikuwa peke yake, anapiga pasi. Mashati meupe ya rubani yalikuwa yamening'inia kwenye viti vyote vya meza, na chumba kilinuka mvuke.

"Faustin yuko wapi, Mama?"

"Aliendaka. Iko Entebbe, anapeleka mizigo na ndege za kule. Kuna mutu anasafiri kesho, njo nampelekea mashati."

"Kwa muda?"

"Hapana. Namba aliiacha. Aliandika mwenyewe, mwezi ule uliisha."

Nikabaki nimesimama na koti langu. Mtu aliyekuwa na cheti cha kunipita, na mama asiyeweza kumwacha, ameitupa namba wiki chache kabla ya wito. Kama angengoja, na cheti kile mkononi, ndiye angeitwa. "Lakini alikuwa na karatasi ya padri," nikasema. "Niliwasikia chini, siku ya kufua."

Aliisimamisha pasi. Akaufuata kwa macho waya wake mpaka ukutani. "Kumbe unajuaka," akasema. "Alikuwa anasema unajua, mimi nabisha. Nasema Mghoi hajue kitu, Mghoi ni mutoto wa nyumba."

Kisha akanieleza, akiwa amesimama, mikono kwenye ubao wa pasi. Kambini, mzungu wa kuandikisha aliuliza mtoto ana miaka mingapi. Faustin alikuwa amepita kumi na minane. Mtu mzima alikuwa anafunguliwa faili lake mwenyewe, anabaki nyuma, na mama anasafiri bila yeye. Mama akamkata miaka mitatu hapo hapo. Mwandishi akaongeza tarehe mosi Januari, na huyo ndiye Faustin aliyekuja Uswidi, akasoma, akawa rubani. Cheti cha padri kilisema ukweli. Mama alidhani sasa wamekuwa watu wa hapa, ukweli hauna meno. Faustin alimwambia una meno: wataanza kwa tarehe, wataishia kwa uraia, na kitambulisho cha kuingilia uwanjani ndicho kitaondoka cha kwanza.

"Siku ya keki," akasema, "ulisema mbele ya ule Anders, miaka yake iulizwe ku Mungu."

"Mama, ulikuwa mzaha."

"Najua. Mi nilicheka. Yeye alitapika mu choo." Akaweka shati moja juu ya jingine, akalilainisha kwa kiganja. "Alikuogopa, Mghoi. Alikuwa anasema: huyu dada akipata Ghuba, tumepona. Akikosa, akibaki bila kazi, siku moja atakumbuka njia ya kuniondoa. Ulipokataa Ghuba, akafunga valizi, akaenda."

Mwaka mzima nilikuwa nimemlinda mtu huyo kwa macho asinitoe kwenye foleni, na yeye alikuwa amenilinda kwa macho nisimtoe kwenye nchi. Nilitaka kukasirika kwamba aliniwazia hivyo, nikamkumbuka Achieng na kikombe chake kitandani, na jibu ambalo sikumpa. Nikasema, kwa sauti iliyotoka vibaya, kwamba nimeitwa kazini, kwamba nilikuja kumwambia Faustin.

"Mungu asifiwe," akasema haraka. Akanivua koti. Akavuta kiti kilichokuwa na mashati, akayahamisha, akanikalisha. Haikuwa Alhamisi na hakuwa ametarajia mgeni, jikoni kulikuwa na sufuria moja ndogo tu, chakula chake cha jioni. Alikipakua chote. Akaleta maji ya kunawa, akanimiminia mwenyewe kama ninavyoona wakimfanyia mchungaji. Nilimwambia aketi tule pamoja, akasema atakula nyuma yangu. Alisimama upande wa pili wa meza, mikono imeshikana mbele ya kanga, akinitazama mdomo. Mwaka mzima mwanamke yule alikuwa ameniita mtoto wake.

"Kula, madame," akasema, kwa Kiswahili cha kunyooshwa alichokuwa akikitumia na watu wa ofisini. "Tafadhali."

Nikala mpaka sahani ikawa nyeupe, kwa sababu sikuona njia nyingine ya kumwambia kwamba sitasema.